Barua kwa mwanangu: Tanga ya kuzeekea

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Umeniuliza kama Tanga inafaa. Wewe na wenzio wa huko Leicester, Uingereza, wote wafanyakazi wa nyumba za wazee, mnataka kununua eneo njia ya Pangani, mjenge nyumba kumi ndani ya uzio mmoja, muwe na ukumbi wa kulia na nesi wa zamu, ili siku mkistaafu mrudi kuishi pamoja. Ukaongeza: "Mama, wewe umezeekea hapo, tuambie ukweli."

Kwa mji wenyewe sina wasiwasi. Tanga ni tambarare, ndiyo maana mpaka leo watu wazima wanaendesha baiskeli. Ngamiani barabara zimenyooka na zina namba, hata mtu akianza kusahau majina ya wajukuu bado anajua kwake ni barabara ya ngapi. Maji yapo. Yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na mamlaka yetu ya maji ndiyo iliyouza ile hatifungani ya kijani mwaka 2024, yaani kukopa kwa watu fedha za mradi wa maji, ya shilingi bilioni 53. Kwenu hizo ni habari za soko la hisa. Mimi nafikiria magoti, kwa sababu mtu wa miaka 75 habebi ndoo. Samaki unampata Deep Sea asubuhi, mboga Mgandini, na ukichoka kuna bajaji.

Hospitali tunayo Bombo, ya rufaa ya mkoa, na wazee wana dirisha lao. Lakini moyo ukisumbua sana utaandikiwa Dar, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na saratani ni Ocean Road. Hizo ni kilomita kama 350 na mgonjwa yumo garini. Liwekeni kwenye hesabu zenu kabla hamjafika kwenye bustani. Na utulivu huu msidhani mmeahidiwa. Gati la bandari limepanuliwa, meli kubwa sasa zinafunga hapo hapo badala ya kushushia mizigo kwenye matishari, na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, hapa hapa Tanga. Waliokuwa wakisema Tanga imelala tangu mkonge ulipoanguka, sasa wanauliza bei za viwanja.

Haya, hayo ni ya mji. Mimi linalonikosesha usingizi ni jingine: mkishaingia ndani ya uzio huo, nani atawaita?

Unajua ninavyosema siku zote, na marehemu babako alikuwa akinimalizia sentensi: mtu mzima haombi kupumzishwa, anaomba kuitwa.

Harusi ya binti wa mjomba wako unaikumbuka, ile ya Dar uliyokuwa ukitaka picha kila saa. Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipanda basi na mwiko wangu mrefu nimeufunga kwa kanga, ule wa bibi yako, uliopika pilau ya harusi yangu. Njiani nilikuwa napiga hesabu za mchele na bizari. Nilifikiri nitafika nikute wanawake wamekaa mikekani wanachagua mchele, mmoja anamenya vitunguu analia, mwingine anasimulia ya watu, na mkubwa wao ananiuliza, "Mama wa Tanga, tuanze na sufuria ipi?"

Uani kulikuwa kweupe, hata jiwe la mafiga hakuna. Chakula kimeagizwa, kitaletwa ukumbini na wapishi wa kukodi. Binti mmoja mwenye adabu nzuri kabisa akanipokea mzigo akasema, "Mama, wewe kaa tu, pumzika." Mwiko wangu ukatiwa kwenye buti la gari na humo ukabaki mpaka narudi.

Ukumbini walitukalisha wazee meza moja ya duara, viti vimevishwa mashela, kiyoyozi kinatupuliza migongo. Mmoja ametoka Pangani, mwingine Lushoto, na wote tumepikia harusi za watu maisha yetu yote. Hatukuwa na la kufanya ila kusalimiwa. Pilau ilipokuja, mwanangu, vitunguu havikukaangwa mpaka vikaiva rangi. Ilikuwa wali wa njano tu! Yule wa Lushoto akanitazama, nikamtazama, tukala. Mjomba wako alipita akanishika bega: "Dada, umefanya kazi sana maishani, leo ni siku ya kupumzika." Alisema kwa mapenzi. Sikumjibu, na mpaka leo nikilikumbuka bega lile linanichoma.

Sasa linganisha na hapa. Niliporudi, haukupita muda kukawa na hitima barabara ya pili yake. Kabla ya alfajiri mlango ukagongwa: "Mama, jiko linakungoja." Magoti yalikuwa yakiniuma usiku kucha, lakini niliinuka kama msichana. Na si jiko tu. Tangu nistaafu unesi, mlango huu hugongwa na mwenye karatasi za vipimo anayetaka kusomewa, na mwenye mtoto wa homa anayeuliza ampeleke hospitali sasa hivi au asubuhi. Hao hawanilipi, lakini wananiita.

Ndiyo nauliza: nyumba kumi za wastaafu, wote wamemaliza kulea, wote wana pensheni zao za huko, wote wanaambiana pumzika. Nani kati yao atamgongea mwenziwe alfajiri? Mwenye harusi wa mtaa wa jirani ataanzaje kupita kwa mlinzi wa geti ili akuombe ukakaange vitunguu?

Lakini ngoja, maana nami siwezi kujidanganya. Babako alipopooza ubavu, mtaa ulinishika vizuri. Uji uliletwa, watu walikuja kumsomea dua, wazee wa barazani walibeba kahawa mpaka kitandani kwake. Hiyo ilikuwa mwanzoni. Kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku asipate vidonda vya kulalia, kumwosha, kubadilisha shuka, na kesho tena na kesho kutwa, kazi hiyo haiitiwi jirani. Wewe ulituma fedha za msaidizi na Mungu akulipe, lakini wasaidizi walikuwa wanaondoka kila nikishamfundisha mmoja. Nesi wa zamu ndani ya uzio, anayekuja bila kuombwa, siku zile ningempokea kwa machozi. Kazi hiyo unaijua sasa kuliko mimi, na nadhani ndiyo iliyokutia wazo hili.

Na watu watasema, hilo mjiandae nalo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inaiweka familia mbele, makao ya kulelea wazee yawe ya mwisho kabisa. Makao ya wazee ya Misufini kule Muheza kila mtu anayajua kama ya wasio na ndugu. Uzio wenu nao utapewa jina hilo, hata mkiupaka rangi gani. Tena waulizeni mapema wenzenu waliochukua uraia wa Uingereza: nchi yetu haina uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia kiwanja kama inavyompa raia. Msije mkaandika kila kitu kwa jina la mmoja, halafu akafa yeye wa kwanza.

Ulimi unaniwasha niseme msijenge. Sisemi. Mji ni wenu pia, na uzee ni wenu. Lakini nusu ya neno nitaitoa, la sivyo nitaugua: kwa nini uzio? Nyumba za zamani za Ngamiani na Chumbageni zinauzwa, warithi wako Dar hawazitaki. Nunueni zile zinazokaribiana, kila mtu na baraza lake na mlango unaofungukia barabarani, kisha mchange mshahara wa nesi awazungukie wote. Hapo mtaitwa, na mtageuzwa ubavu. Ila ule ukumbi wenu wa kulia pamoja nao nimeupenda, sikufichi, kwa sababu kula peke yangu sijakuzoea tangu babako aondoke. Kwa hiyo usiwaambie kwamba mama amekataa.

Waambie waje wakae kwanza, na wasije Desemba ambako kila mtu anafurahi. Waje masika, Aprili, barabara zikiwa na madimbwi na nguo hazikauki, wakae mwezi mzima. Vyumba viwili vya uani viko wazi tangu wapangaji wa bandarini wahame. Mwenye sukari au presha uniambie kabla, nijue nampikia nini, na dawa zake abebe za kutosha.

Mama'ko