Kupaka pikapu nzima bedilaina kwa rola: inawezekana, lakini kazi yenyewe ni msasa

Ndugu uliyeuliza kuhusu ile pikapu yako ya Isuzu D-Max: umesema rangi imechujuka, milango imekwaruzwa na miti ya shambani, fundi amekutajia bei ya kukata maini, na sasa unawaza kununua bedilaina, ile rangi ngumu inayokauka na vipele, ya kupaka ndani ya bodi ya mizigo, uipake gari zima kwa rola ukiwa kwako nyumbani. Unataka kujua kama itashika, kama jua litaiharibu, na kama polisi watakusumbua.

Mimi nimefanya hivyo kwenye Hilux ya kabini moja, hapa Waithaka, Nairobi, na ndiyo ninayosambazia chakula cha ng'ombe mpaka leo. Inashika, tena vizuri. Ila fanya kama gari ni la kazi na huna mpango wa kuliuza karibuni. Mnunuzi wa Nairobi akiona gari zima lina vipele, swali lake la kwanza ni unaficha nini chini yake, na hapo bei imeshaanza kushuka. Kuitoa nayo ni balaa: haikwanguki, haiyeyuki kwa thina, labda uisage mpaka chuma. Ukishaipaka umeoa.

Sasa, si kila mkebe wenye jina la bedilaina unafaa kukaa nje. Nyingi za kupaka kwa rola zimetengenezewa sakafu ya bodi, ambako zinafunikwa na mzigo. Ni poliyurethani ya aina inayoitwa aromatiki, na aina hiyo haipatani na jua. Nyeusi inageuka kijivu, halafu inatoa unga. Kuna Canter hapa mtaani ilipakwa hiyo, ukiiegemea unatoka na shati lenye vumbi la chaki. Inayofaa kwa nje ni ya aina ya alifatiki, au iliyoandikwa waziwazi kwamba inahimili jua. Mwombe muuzaji karatasi ya maelezo ya bidhaa na uisome mwenyewe, usitosheke na "hii ni poa, boss". Sisi tuko karibu na ikweta, na Nairobi iko mita kama 1,800 juu ya bahari. Jua letu linaunguza rangi hata siku ile umevaa sweta.

Nilichotumia mimi ni Raptor ya U-POL. Chupa inakuja na mililita 750 za rangi, unaongeza 250 za hadena, ile dawa ya kuigandisha, yaani tatu kwa moja, unatikisa vizuri, basi. Watu wengi huipuliza kwa bunduki ya rangi, lakini hata watengenezaji wanakubali rola. Ipo nyeusi, ipo nyeupe, na ipo ile unayoitia rangi yako mwenyewe.

Hapo kwenye rangi ndipo polisi wanapoingia. Rangi ya gari imeandikwa kwenye logbook, yaani cheti cha usajili. Ukiibadilisha unatakiwa kuwajulisha NTSA, mamlaka inayosajili magari, maombi yanaanzia kwenye akaunti yako ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na kampuni ya bima nayo uiambie. Mimi gari lilikuwa jeupe na likabaki jeupe, kwa hiyo hilo halikunihusu, na kabini haichemki nikikwama Ngong Road saa nane mchana. Yako umesema ni silva. Silva ya kumetameta hutaipata kwa bedilaina, utapata kijivu tu, kwa hiyo hesabu shughuli ya makaratasi mapema.

Tuje kwenye kazi. Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili: lowesha kitambaa kwa thina kali, sugua sehemu iliyojificha, mfano nyuma ya kabini. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, ujue gari liliwahi kupakwa rangi ya bei rahisi kando ya barabara, na magari mengi ya hapa yamepitia huko. Bedilaina ina viyeyusho vikali. Ukiipaka juu ya rangi ya namna hiyo inaikunja na kuinyanyua kama ngozi ya maziwa. Hiyo lazima iondolewe yote. Kitambaa kikitoka safi, chukua wembe, chora miraba midogo kwenye rangi, bandika tepu, ikandamize, kisha ichomoe kwa nguvu. Ikitoka na vipande vya rangi, hata bedilaina itatoka navyo, kwa sababu inashika kile kilicho chini yake tu.

Rangi ikifaulu mitihani hiyo huna haja ya kufika chuma. Unataka kuua mng'ao tu. Lakini uue kweli. Osha gari kwa sabuni ya vyombo, kausha, futa kwa dawa ya kuondoa grisi, ndipo ushike msasa. Mpangilio huo usiugeuze, maana ukipiga msasa juu ya mafuta unayashindilia kwenye mikwaruzo. Mdudu mbaya zaidi hapa kwetu ni ile polishi ya kung'arisha tairi na bampa wanayopaka kwenye kuosha magari. Ina silikoni, na silikoni inafanya rangi ikimbie na kuacha mashimo ya duara. Sehemu zilizo karibu na tairi nilizifuta tena na tena, kila mara kwa kitambaa kipya, mpaka kikatoka cheupe. Kwa msasa, namba 180 inatosha sehemu pana. Kwenye kona na mikunjo tumia ile sponji nyekundu ya kukwaruza, kwa sababu msasa wa karatasi haufiki. Angalia ubavu wa gari kwa tochi ukiwa umeinama: popote panapong'aa bado hapajaguswa.

Kutu usiifunike. Watu hudhani rangi nzito itaiziba pumzi. Haiizibi, inaendelea kula chini kwa chini na siku moja kipande kizima kinabanduka. Saga mpaka chuma kiwe cheupe, paka praima ya epoksi, iache ikauke kama mkebe unavyosema. Bampa za plastiki nazo zina praima yake ya kusaidia rangi kushika. Mbonyeo mdogo utafichwa na vipele, mkubwa hautafichwa.

Ng'oa kila kinachong'oka: vishikio, taa, vioo vya pembeni, nembo. Kufunika kishikio kwa tepu kunaacha ukingo ambao utauona kila siku unapofungua mlango. Halafu vitu viwili ambavyo hata mafundi husahau. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Ukiviziba, mvua inayopenya kwenye kioo itakaa ndani ya mlango na kuuozesha. Chomeka vijiti vya meno kabla ya kupaka. Na namba ya chesisi, mahali popote ilipopigwa kwenye gari lako, ifunike, kwa sababu mkaguzi lazima aisome.

Hewa sasa, na hapa sina utani. Hadena ina isosianati, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haifanyi lolote. Tafuta ya mpira yenye vitungi vya kuchuja mvuke wa kemikali, vaa glavu na miwani, na ufanyie mahali penye upepo. Rola haitoi ukungu mwingi kama bunduki, lakini mvuke upo palepale. Mwenye pumu asishiriki kabisa. Kama unaishi kwenye ploti ya fleti nyingi, tafuta uwanja kwingine, watoto wa majirani hawana barakoa.

Chagua siku kavu, usipake juani, na mwagia maji ardhi inayozunguka ili vumbi litulie. Asubuhi za Julai ni za baridi mno, subiri chuma kipate joto.

Rola ndiyo inayoamua sura ya gari. Ya sponji yenye matundu makubwa inatoa vipele vikubwa, ya matundu madogo inatoa vidogo. Ya manyoya ya ukutani achana nayo, inaacha nyuzi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati ukaridhike. Anza na brashi kwenye kingo na bawaba, ukidonoa badala ya kuvuta, maana ukivuta unabaki na mistari. Kisha rola. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe mwembamba mpaka uone aibu, rangi ya zamani ionekane kwa chini. Ukitaka kufunika kwa mkono mmoja itateremka na kukauka na machozi. Mkono wa pili ndio unaojenga vipele. Changanya chupa moja moja, kwa sababu ikishachanganywa una kama saa moja tu, na karibu na mwisho wa muda huo inaanza kuwa nzito na vipele vinabadilika. Maliza paneli nzima kabla ya kupumzika: ukisimama katikati ya mlango, alama ya ulipoishia utaiona milele. Mwishoni mwa kila paneli pitisha rola nyepesi isiyo na rangi nyingi, upande mmoja.

Tepu itoe rangi ikiwa bado mbichi. Ikikauka itabidi ukate kwa wembe, na ukingo utachanika.

Lita nne, yaani chupa nne zilizochanganywa, hazitoshi pikapu nzima ya kabini mbili kwa mikono miwili. Zinatosha chini ya usawa wa vishikio pamoja na bampa, na kwa kweli, kwa D-Max ambayo shida yake ni miti na mawe, ningepaka hapo tu, juu nikamwachia fundi wa rangi ya kawaida. Boneti yenye vipele sijawahi kuizoea, hata ikiwa yangu.

Kwa joto la kawaida, matumizi mepesi subiri siku mbili au tatu, mizigo mizito wiki. Stika na maandishi ya uzito hayashiki juu ya vipele, kwa hiyo acha kipande laini mlangoni, au mwandikaji aje na brashi. Ikichubuka baadaye, kwaruza pale, futa, donoa kidogo, haijulikani.

Kuosha, usitumie kitambaa, kinachanika na kuacha nyuzi kila mahali. Brashi ya nywele laini na sabuni, hasa udongo wetu mwekundu ukiwa bado mbichi. Ukikauka kwenye vipele vya gari jeupe, utasugua mpaka jioni.