Nakala iliyojificha kwa jina jingine

SWALI: Dada, shikamoo. Natunza programu ya mauzo yenye mistari zaidi ya laki nne. Walionitangulia walinakili na kubandika ovyo: nikirekebisha kosa hapa, linazuka kule. Kwa macho nimeshindwa. Nifanyeje?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Yamenipata hayo. Mwaka 2019 laini za simu za 0110 zilipoanza kutumika, programu yetu ilikuwa ikikubali 07 peke yake. Nikarekebisha ukaguzi kwenye fomu ya usajili, nikapanda matatu kwenda nyumbani roho imetulia. Kumbe ukaguzi uleule ulikuwa umebandikwa kwenye faili ya risiti, jina likabadilishwa: kwenye fomu “simu”, kwenye risiti “nambari”. Mama mmoja muuza mitumba Gikomba akasajiliwa vizuri, ila risiti hakupata hata moja kwa wiki mbili. Nilikuwa nimetafuta neno “simu” faili zote, na nakala ile haikutokea.

Kwa hiyo usitafute kwa maneno. Chukua CPD, zana ya kusaka msimbo (maandishi ya programu) ulionakiliwa, iliyomo ndani ya PMD, programu ya kukagua msimbo; ni ya bure. Huuvunja msimbo kuwa tokeni, yaani jina, alama, namba, mabano, kisha husaka mfululizo unaojirudia. Watafiti wa Japani walioieleza CCFinder, zana nyingine ya kusaka nakala, mwaka 2002 walipita njia hiyohiyo, wakayapa majina yote alama moja, hivyo “simu” na “nambari” zikahesabiwa kitu kimoja. Kama msimbo wako ni wa lugha ya Java, CPD ina chaguo la kupuuza majina. Liwashe.

Iambie ihesabu kuwa nakala mfululizo wenye urefu wa kuanzia tokeni 100. Ukishuka hadi 30 utamwagiwa vijipande visivyo na maana, ukate tamaa kabla ya chai ya saa nne.

Ukishapata orodha, fungua historia ya Git, mfumo unaotunza kumbukumbu za kila badiliko la msimbo. Nakala zinazorekebishwa pamoja ndizo za kuunganisha kwanza. Hesabu ya VAT ni mfano: kiwango kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, kikarudi 16 Januari 2021, na kila nakala yenye namba hiyo ilidai kuguswa mara mbili. Zinazofanana kwa bahati tu, moja ya mishahara na nyingine ya stoo, ziache.

Nakuomba sana, kabla ya kufuta nakala yoyote, iandikie jaribio, yaani kipande cha msimbo kinachohakikisha inafanya kazi yake. Mara nyingi mojawapo ina marekebisho ambayo mtu aliyafanya usiku wa manane akasahau kuyapeleka kwa wenzake.