Tatizo Huanza Baada ya Kifaa Kufungwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini kaya nyingi hazitumii teknolojia za nishati, maji na vyoo zisizotegemea gridi wala mabomba ya mamlaka, ilhali zipo. Wengi hujibu upesi kwamba watu hawana elimu au fedha. Mimi, mkazi wa Usa River karibu na Arusha, naona kikwazo kikubwa ni kwamba kifaa kikishafungwa nyumbani, hakuna mwenye jukumu la kukirudia.

Chukueni floraidi. Vyanzo vingi vya maji kuzunguka Mlima Meru vina madini hayo kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wetu yanatosha kuwa ushahidi. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki sufuriani. Kinga yake inajulikana: kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia kwa miaka mingi mifupa ya ng'ombe inayochomwa, ikavunjwavunjwa kuwa chenga nyeusi, ikajazwa kwenye ndoo yenye koki ili maji yapite taratibu na kuacha floraidi humo. Lakini chenga hizo hushiba floraidi, na zikishiba maji huendelea kutoka safi kwa macho, bila harufu wala ladha ya kumshtua mtu, hivyo mama mwenye ndoo hana namna ya kujua kwamba anawanywesha wanawe maji yaleyale ya kisimani. Kipimo hana, na chenga mpya haziuzwi dukani kwa Mangi.

Mitambo ya bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, ambayo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini cha hapa Arusha, imeieneza tangu miaka ya 1980, angalau ikigoma kila mtu huona jiko limezimika. Hata hivyo, hudai samadi na maji mara kwa mara, na kiangazi, maji yanapofuatwa mbali kwa punda, mama hurudia kuni, nami simlaumu. Kuhusu wapangaji wa mtaa wa Unga Limited mjini Arusha sina mengi: paa na choo ni vya mwenye nyumba, hivyo si wao wa kuamua kifungwe kifaa gani.

Napendekeza vyombo vya watumia maji, ambavyo tayari hukusanya fedha kwenye vituo vya kuchotea, viwe ndivyo wamiliki wa ndoo hizo za kuchuja floraidi, vinunue kipimo na kubadilisha chenga kwa ratiba, gharama ikiingizwa kwenye bei ya kila ndoo ya maji inayochotwa. Mkutano wa kijiji utanung'unika bei ikipanda, lakini fundi atakuwa na malipo ya kumrudisha kwenye kila kaya.