Maswali yenu: kujenga njia za pikipiki msituni

Wiki hii najibu maswali kuhusu mafunzo ya vitendo ya kujenga na kutunza njia za pikipiki na magari ya porini hapa Marekani.

*Klabu yetu, Kentucky, hujaza kifusi palepale kila mwaka, na kila mvua njia inageuka korongo. Tunakosea wapi?*

Kosa haliko kwenye kifusi, liko kwenye mwinuko. Bila shaka njia yenu inashuka moja kwa moja na kilima. Tairi hulegeza udongo, maji huuchukua, na yakishaingia njiani hayana pa kutokea. Siku ya kwanza ya mafunzo mtaambiwa hivi: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima. Kilima kikiwa na asilimia 20, njia isizidi 10, yaani kupanda mita 10 katika kila mita 100. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni. Halafu, kila baada ya mwendo mfupi, njia ishuke kidogo na kupanda tena, ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Kuyaeleza haya ni kazi ya nusu saa. Kuyafanya, klinomita (kifaa cha kupimia mwinuko) jichoni na vibendera vya kuonyesha njia itakapopita mkononi, ni siku nzima, na mchana mtang'oa vibendera mlivyopanda asubuhi. Ving'oeni tu, hapo ndipo mtu anapojifunza kuisoma ardhi. Kifusi kije baadaye, kama bado kitahitajika.

*Nimekulia mashamba ya milimani, Lushoto. Ninayoyajua yatanifaa huku?*

Sana, ndugu yangu. Anayejua makinga maji ameshajua nusu ya kazi. Ila shambani unayazuia maji yazame ardhini. Njiani unataka yatoke mapema, kidogokidogo, yasiache mfereji.

*Kile chombo chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili kinaitwaje?*

Pulaski, kwa jina la Ed Pulaski, askari wa misitu aliyewaokoa wazimamoto wenzake ndani ya handaki la mgodi kule Idaho, katika mioto mikubwa ya 1910. Shoka ni la mizizi. Usikibebe begani: kishike karibu na kichwa, mkono ukining'inia.

*Hatuna fedha za mafunzo. Tuombe wapi?*

Ombeni Recreational Trails Program, mpango wa serikali kuu wa kugharimia njia za burudani, kupitia jimbo lenu. Chimbuko lake ni kodi ya mafuta yanayochomwa na vyombo vya burudani nje ya barabara, kwa hiyo msiombe kwa unyonge. Asilimia 30 ya mgao wa jimbo ni ya njia za vyombo vya moto, na hadi asilimia 5 inaweza kwenda kwenye elimu ya usalama na utunzaji wa mazingira.

*Mke wangu ni hodari wa msumeno wa mnyororo. Aje nao?*

Katika misitu ya taifa, asije nao mpaka awe na cheti kinachotambuliwa na Forest Service, idara ya serikali kuu inayosimamia misitu hiyo. Mwambie shemeji aje na buti, glavu na kofia ngumu. Mafunzo ya msumeno hupangiwa siku yake.