Fundi Baiskeli Anajibu: Mombo hadi Lushoto

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya mtumba yenye gia, breki zake ni za mipira inayobana rimu. Mimi na mwenzangu tunataka kupanda milima ya Usambara kutoka Mombo hadi Lushoto, tulale, kesho yake twende kwa miguu hadi Irente, kwenye ukingo wa mlima, ndipo tushuke. Nimekulia Tanga mjini, milima siijui. Nitaweza?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kupanda utaweza. Mombo iko mita 400 na ushee juu ya bahari, Lushoto karibu 1,400, na katikati kuna lami ya kilomita 33 hivi. Ukigawanya utaona ni mita 3 tu kwa kila 100, ukajiona bingwa. Hesabu hiyo inadanganya, kwani sehemu kubwa ya mlima imerundikwa kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani.

Ondokeni alfajiri, Mombo jua lake halina huruma. Tia mnyororo kwenye gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma kabla mlima haujakaza. Ukibadili gia huku umekandamiza pedeli, mnyororo unaweza kukatika. Mkishindwa kuongea, punguzeni mwendo. Soni mpumzike, mnywe chai, mtazame maporomoko ya maji. Na mkae kushoto kabisa: malori yanayopeleka mboga Dar hushuka yakijaza kona za barabara.

Ninachokihofia mimi ni kushuka. Wengi hushikilia breki moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, tyubu inapasuka, na pembeni ni korongo. Wewe bana, achia, bana, achia, breki zote mbili, na punguza kasi kabla ya kona, si ndani yake. Mkifika Soni simameni tena rimu zipoe. Usiziguse kwa kidole, utanikumbuka.

Irente ni matembezi mepesi kutoka mjini, asubuhi moja inatosha. Ukingoni unakiona kijiji cha Mazinde na tambarare lake chini kabisa. Njiani kuna shamba linalouza mkate na jibini. Msibebe chakula kingi.

Masika msiende, mawe huporomoka barabarani. Mwezi wa saba nendeni, ila na sweta. Mipira ya breki na waya mpya nunua hukohuko Tanga, ufunge kabla ya safari, uzijaribu kwenye mteremko mfupi.