Alama za wauzaji: wastani pekee hautoshi

Dada, umeuliza kama kwenye soko lenu la simu zilizotumika kila muuzaji awekewe wastani mmoja tu wa alama, na kama wauzaji nao waruhusiwe kuwapima wanunuzi.

Wastani mtupu unapotosha. Mwenye nyota 5 kutoka kwa wateja wawili si sawa na mwenye 4.7 kutoka kwa mia tatu, kwa hiyo idadi ya waliopima ikae palepale kando ya wastani. Alama za miezi 12 ya karibuni nazo zionekane peke yake, muuzaji aliyeharibika mwaka huu asijifiche nyuma ya sifa za zamani.

Kupimana ndiko kuzito. Mnunuzi akiogopa kulipiziwa, hunyamaza. eBay, soko la mtandaoni, ililiona hilo, na mwaka 2008 ikawazuia wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya. Airbnb, mtandao wa kukodi malazi, ilichukua njia nyingine mwaka 2014: maoni hayaonekani mpaka pande zote mbili ziandike, au siku 14 zipite. Ningewashauri hii ya pili, maana wanunuzi wasumbufu wapo, na muuzaji mdogo anastahili kulindwa. Na tafadhali, apewe nafasi ya kujibu lalamiko hapohapo chini yake.