Re: Injini ya boti inagoma kuwaka asubuhi ya baridi

Pole kaka, unasema upo Southampton, asubuhi ni nyuzi 2, stata inazungusha ila injini haishiki. Kwanza angalia moshi kwenye egzosi. Ukiona moshi mweupe ujue dizeli inafika ila haiungui, hapo tatizo ni joto, kwa hiyo pima hita plagi (vile vijiti vya umeme vya kupasha joto ndani ya silinda) moja moja, na washa hita sekunde 20 hivi kabla hujapiga stata. Kama hakuna moshi kabisa basi mafuta hayafiki, badilisha filta na toa upepo kwenye laini ya mafuta.

Betri usiiamini kwa sababu tu taa zinawaka, baridi inaipunguzia nguvu na huku oili imekuwa nzito, stata ikizunguka polepole mgandamizo wa hewa kwenye silinda hautoi joto la kutosha na dizeli haina spaki ya kuisaidia.

Sasa hili naomba ulishike sana. Piga stata sekunde 10 tu halafu pumzisha, na ukirudia mara nyingi bila kuwaka FUNGA valvu ya maji ya bahari, maana pampu ya kupoza injini inaendelea kuvuta maji, egzosi haina nguvu ya kuyatoa, yanajaa mpaka yanarudi kwenye silinda na hapo injini umeiua. Ikiwaka tu fungua hapo hapo.

Ile sprei ya etha ya kusaidia injini kuwaka usiipulize kabisa kaka, ikikutana na hita plagi ya moto inalipuka hapo hapo inavunja pistoni.